SOMO LA MWEZI HUU: PAA LA ASBESTO JUU YA WATOTO WETU

Masomo: Walawi 14:33-48; Kumbukumbu la Torati 22:8



Sura ya 14 ya Walawi ni katika zile ambazo wengi wetu huzipita upesi. Habari zake ni za ukoma na za nyumba yenye pigo katika kuta zake, nasi hatuoni zatuhusu nini. Mwezi huu nawaomba mzisome polepole, na ikiwezekana mzisome katika vikundi vya nyumbani, kwa sababu zinaonyesha utaratibu ambao kamati za shule zetu zinauhitaji sana.

Tazameni jinsi mambo yanavyofuatana. Mwenye nyumba akiona alama ukutani, hachukui nyundo. Anakwenda kumwambia kuhani. Kuhani naye, kabla hajaingia, anaamuru vitu vyote vitolewe nje. Kisha anaangalia, anatoka, anaifunga nyumba siku saba, anarudi kuangalia tena. Pigo likiwa limeenea, huondolewa mawe yale yenye pigo tu, nayo hayatupwi popote. Hupelekwa nje ya mji, mahali panapojulikana. Hata vumbi la ukuta uliokwanguliwa hupelekwa huko huko. Pigo likirudi baada ya hayo yote, ndipo nyumba nzima hubomolewa.

Musa hakuandika habari za asbesto, nami sitaki mtu aseme kwamba gazeti letu limeiona asbesto katika Torati. Lakini hatua hizo, yaani kutoa habari, kuwaondoa watu, kumwita ajuaye, kutofanya haraka, kuondoa kilicho kibovu na kukipeleka mahali pake, pamoja na lile vumbi, ndizo hatua zinazofaa kabisa kwa shule yenye paa la asbesto. Na shule za namna hiyo bado ziko, zikiwamo zile zilizojengwa na Kanisa au ambazo Kanisa ni mdhamini wake.

Jiwe lenye nyuzi

Asbesto ni jiwe. Huchimbwa ardhini kama mawe mengine, lakini ukilipondaponda halitoi changarawe bali nyuzi, mfano wa katani. Ziko aina kadhaa, na zilizotumika sana ni tatu: nyeupe, ya kahawia na ya buluu. Haziungui, haziozi, wala hazipati kutu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ludwig Hatschek wa Austria aliona njia ya kuzichanganya nyuzi hizo na saruji na maji, akapata mabamba membamba yenye nguvu. Katika mabamba hayo sehemu kubwa ni saruji; asbesto yenyewe huwa kama sehemu 10 hadi 15 katika 100. Huku kwetu tumezoea kuyaita mabati ya asbesto, ingawa hayana chuma ndani yake.

Wazee wetu walioyachagua tusiwalaumu. Yeyote aliyekaa karibu na bahari anajua jinsi hewa ya chumvi inavyolila bati la chuma. Tena chini ya bati la chuma mchana wa Februari darasa huwa kama tanuri, na mvua ikinyesha mwalimu hasikiki. Paa la asbesto halikuwa na shida hizo, na bei yake ilikuwa nafuu. Basi likaezekwa juu ya shule, zahanati, nyumba za waalimu na za wafanyakazi wa serikali, nasi tulilihesabu kuwa ni maendeleo.

Hatari yake ni nini

Ubaya hauko katika kuligusa bamba, wala katika kukaa chini yake likiwa zima. Uko katika vumbi. Bamba likikatwa kwa msumeno, likitobolewa kwa keekee, likivunjwa kwa nyundo au likisuguliwa kwa brashi ya waya, nyuzi hutoka na kuruka hewani. Ni nyembamba mno hata jicho halizioni, nazo ni nyepesi, hukaa hewani kwa muda mrefu. Mtu akizivuta, nyingine hufika chini kabisa ya mapafu na kukaa huko. Mwili hauwezi kuziyeyusha.

Magonjwa yake makubwa ni matatu. Moja ni asbestosisi, ambapo mapafu hujaa makovu na kuwa magumu, mtu akawa anapigania pumzi. La pili ni kansa ya mapafu. La tatu huitwa mesotelioma, nayo ni kansa ya utando unaoyazunguka mapafu au ulio ndani ya tumbo. Mpaka leo wachache sana hupona. Yote haya huchelewa. Kansa hizo hutokea miaka 20, 30, 40 au hata zaidi baada ya mtu kuvuta vumbi. Ndiyo sababu ni vigumu kumwogopesha mtu. Fundi atakuambia amekata asbesto tangu ujana wake wala hajapata kukohoa, naye asema kweli. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya asbesto waliyoivuta kazini.

Habari hizi si ngeni. Mwaka 1924 alikufa mwanamke mmoja, Nellie Kershaw, aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto kiwandani katika mji wa Rochdale, Uingereza. Alikuwa na miaka 33. Daktari W. E. Cooke aliyachunguza mapafu yake, akaandika habari zake katika gazeti la madaktari, na mwaka 1927 ugonjwa huo ukapewa jina lake la asbestosisi. Mwaka 1931 Uingereza ikatunga sheria za kupunguza vumbi viwandani. Hata hivyo asbesto iliendelea kuuzwa ulimwenguni kote kwa miaka mingi, na sisi tuliipokea wakati ambapo wenye kuiuza walikwisha kujua.

Lakini habari inayotuhusu zaidi sisi wazazi yatoka Afrika yetu hii. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake wa Afrika Kusini waliandika juu ya wagonjwa 33 wa mesotelioma, ugonjwa uliokuwa haba sana. Walipowauliza habari za maisha yao, waliona kwamba wote isipokuwa mmoja yaelekea walikuwa wamekutana na asbesto ya buluu, na walio wengi walikutana nayo katika vilima vya asbesto vilivyo magharibi ya Kimberley. Wengi hawakuwa wachimbaji. Walikuwa watu waliozaliwa au kukaa huko, na wengine walihama wangali watoto. Walicheza karibu na machimbo na katika malundo ya taka zake, kama watoto wanavyocheza popote penye lundo la mchanga. Kisha wakakua, wakaenda mbali, wakaoa na kuolewa, na vumbi la utotoni likawafuata.

Kwa habari ya watoto, mwaka 2013 kamati ya wataalamu wa kansa inayoishauri serikali ya Uingereza ilikadiria kwamba mtoto akianza kuvuta asbesto akiwa na miaka 5, hatari ya kupata mesotelioma maishani mwake ni kama mara 5 ya mtu aliyeanza akiwa na miaka 30, kwa vumbi lile lile. Sababu kubwa ni kwamba mtoto ana miaka mingi mbele yake, na ugonjwa huu wahitaji miaka mingi. Shule basi si jengo kama bohari.

Saa ya hatari

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Kama bamba zima halina madhara makubwa, shule yetu huingia hatarini saa ngapi? Kwa maoni yangu, mara nyingi huingia siku ile tunapoamua kuitengeneza. Parishi imefanya harambee, fedha zimepatikana, mabati mapya yamenunuliwa. Jumamosi vijana wanakuja na nyundo na ngazi, akina mama wanaleta chai, na watoto wako pale pale wakishangilia. Mabamba ya zamani yanapigwa nyundo na kuangushwa chini. Wanafunzi wanaokota vipande. Jumatatu wanafagia darasa kwa mafagio makavu ili wapate kuketi. Vipande vizuri vinagawiwa kwa wenye mabanda ya kuku, vilivyovunjika vinamwagwa njiani kuziba matope, na magari yanavisaga kuwa unga mwaka mzima. Paa lililokaa miaka 40 bila kutoa vumbi jingi, tumelitoa vumbi lote kwa siku moja, tena kwa nia njema na kwa sala ya kufungulia kazi.

Soma tena Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwenye kujenga nyumba anaamriwa azungushe kizuizi juu ya paa, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria hiyo haimwulizi mwenye nyumba kama alikuwa na nia njema. Yamwuliza kama aliweka kizuizi. Na tukizungumza habari za kuanguka, tukumbuke kwamba bamba la asbesto la miaka mingi huwa kama kigae kikavu. Mtu akilikanyaga katikati huvunjika ghafula, naye huanguka mpaka sakafuni. Watu wamekufa hivyo pasipo kungoja miaka 30. Asipande mtoto kutafuta mpira, wala mlinzi kuziba tundu.

Sheria inasemaje

Uingereza ilikataza asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Afrika Kusini, iliyokuwa ikichimba, ilikataza mwaka 2008. Hapa Kenya kanuni za taka za mwaka 2006 ziliitia asbesto katika hesabu ya taka za hatari, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa mwongozo wa namna ya kuishughulikia na kuitupa. Maana yake kwetu ni hii: kuondoa, kusafirisha na kufukia asbesto si kazi ya harambee. Ni kazi ya wenye leseni. Mwalimu mkuu au mwenyekiti wa halmashauri ya shule aende ofisi ya NEMA ya kaunti aulize, kabla hata ya kuhesabu gharama za mabati mapya. Gharama ya kuondoa na kufukia iingizwe katika makisio tangu mwanzo. Nimeona makisio mengi ya kuezeka, na mahali pa kutupa paa la zamani huwa hapakuandikwa kitu.

Je, kila shule yenye asbesto iiondoe mara moja? Hata huko Uingereza hawajapatana. Shule zao nyingi bado zinayo, na desturi yao ni kwamba ikiwa nzima na imefunikwa vizuri, iachwe, iandikwe katika daftari na kuangaliwa. Wengine, hasa vyama vya waalimu, husema hiyo ni kuahirisha tu, na mwaka 2022 kamati moja ya Bunge lao ilishauri kwamba majengo yote ya umma yawe yameondolewa asbesto katika muda wa miaka 40. Mimi naona kwetu tuielekee njia ya kuondoa. Mapaa yetu yamepigwa jua na mvua kwa muda mrefu, saruji ya juu imelainika na kuota kuvu, na fedha za kuyaangalia kila mwaka hatuna. Lakini tuondoe kwa utaratibu, tukianza na darasa lililo bovu zaidi. Kuacha kwa uangalifu kwa miaka michache ni bora kuliko kuvunja ovyo wiki ijayo.

Kazi ya kamati kwa sasa

Kwanza ijulikane kama tunayo. Bamba la asbesto ni la kijivu, nene kuliko bati, mawimbi yake ni mapana, halikunjiki bali huvunjika. Dari nazo zitazamwe, maana mabamba bapa yalitumika huko pia. Kama jengo ni la kabla ya 2006 na bamba lina sura hiyo, lihesabiwe kuwa ni asbesto mpaka ithibitishwe vingine. Uthibitisho wa kweli hupatikana katika maabara kwa darubini, na kipande cha kupima kikatwe na ajuaye. Asikivunje mwalimu wa sayansi ili awaonyeshe wanafunzi nyuzi.

Kisha liwepo daftari. Si jambo kubwa: mchoro wa shule, kila jengo na hali ya paa na dari yake, tarehe ya kuangaliwa, jina la aliyeangalia. Liangaliwe mwanzo wa kila muhula, likae ofisini, na fundi yeyote ajaye, awe wa umeme, wa mabomba au wa rangi, alione na kutia sahihi kabla hajafungua mfuko wake wa vyombo. Fundi wa umeme anayetoboa dari kupitisha waya hana habari kama hakuambiwa. Daftari hilo laweza kuokoa maisha yake kabla ya ya watoto.

Kuna mambo madogo yanayosahauliwa. Picha na chati zisipigiliwe misumari katika bamba. Kiwanja cha mpira kisielekee kwenye dari ya ukumbi. Kuvu la paa lisisuguliwe wala kupigwa maji ya mashine yenye nguvu. Taka zisichomwe karibu na ukuta wa asbesto, maana bamba likipata moto hupasuka na kurusha vipande.

Bamba likivunjika kwa dhoruba au kwa tawi la mti, fanyeni kama kuhani: watoto watoke, darasa lifungwe, habari itolewe. Pasifagiliwe pakavu. Vipande vilivyoanguka vinyunyiziwe maji taratibu na kufunikwa kwa nailoni mpaka wenye leseni wafike. Barakoa ya kitambaa, au ile tuliyoizoea wakati wa korona, haizuii nyuzi hizi. Wafanyakazi wa asbesto hutumia vichujio maalumu na mavazi ambayo hawaendi nayo nyumbani. Hilo la mavazi lina sababu. Mwaka 1965 Muriel Newhouse na Hilda Thompson waliwachunguza wagonjwa wa mesotelioma jijini London, wakakuta miongoni mwao watu ambao hawakufanya kazi kiwandani hata siku moja, ila waliishi nyumba moja na mfanyakazi. Wake walikuwa wakifua nguo za waume zao.

Siku ya kuondoa, iwe wakati wa likizo. Mtakaoangalia kwa niaba ya parishi mkae mbali, lakini mjue mnaangalia nini. Mabamba yalowanishwe kwanza. Misumari ing'olewe, bamba literemshwe zima, lisitupwe. Lifungwe kwa nailoni nzito mara mbili na kuandikwa. Lipelekwe shimo lililoidhinishwa, na shule ipewe hati ya kuonyesha limefika. Udongo wa chini ya michirizi nao uangaliwe, kwa kuwa huko ndiko vumbi la miaka mingi lilikodondoka. Mkandarasi asemaye kwamba ataifanya yote kwa nusu ya bei na kuyachukua mabamba mwenyewe, muulizeni anayapeleka wapi. Kama ayauza, basi tumeihamisha hatari kutoka kwa watoto wetu kwenda kwa watoto wa jirani.

Maswali mawili ya wazazi

Akina mama huuliza juu ya maji ya mvua yanayotoka katika paa hilo. Hatari iliyothibitishwa sana ni ya kuvuta, si ya kunywa, na Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya maji ya kunywa halikuona haja ya kuweka kipimo cha asbesto. Hata hivyo tope la chini ya tangi na la kwenye michirizi lisiachwe likauke na kupeperushwa. Tangi lisafishwe likiwa bado na unyevu, na mahali penye maji mengine ni afadhali kuyatumia hayo.

Wengine huuliza: sisi tuliosoma chini ya paa hilo miaka minane, je, tumekwisha? La. Hatari huongezeka kwa wingi wa vumbi na urefu wa muda, na aliyekaa tu darasani chini ya paa zima alivuta kidogo sana ukimlinganisha na fundi. Kumtoa mtoto shule kwa hofu si lazima, wala kukimbilia picha ya kifua, kwa kuwa picha haionyeshi kitu mapema namna hiyo. Lakini mtu aliyefanya kazi ya kukata au kuvunja asbesto amwambie daktari jambo hilo waziwazi, hasa akiwa na kikohozi kisichokwisha au pumzi fupi. Asipoulizwa aseme mwenyewe, maana hapa kwetu kikohozi cha siku nyingi hupimwa kwanza kifua kikuu. Na kama avuta sigara aache, kwa sababu tumbaku na asbesto zikikutana huzidisha sana hatari ya kansa ya mapafu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika Walawi 14, kwa nini nyumba yatolewa vitu kabla kuhani hajaingia kuangalia? Shuleni kwetu nani ana mamlaka ya kufunga darasa siku ile ile?

2. Je, viko vipande vya asbesto katika uwanja wa kanisa, njiani au katika mabanda ya nyumbani kwetu? Vilitoka wapi?

3. Nani katika parishi atakayekwenda ofisi ya NEMA, na atatoa habari lini kwa Baraza la Parishi?